Hodi nyuma ya ubao wa matokeo

Uwanja umefurika hadi kwenye ngazi, na nje ya geti watu bado wanasukumana. Juu kabisa ya jukwaa la mzunguko, nyuma ya ubao wa matokeo, mzee mmoja amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta wa bati. Anafuta vumbi kwenye kibao cha sifuri kwa mkono wa shati lake.

Haoni mpira. Haoni goli wala unyasi mmoja. Mbele yake ni vibao vya bati vyenye namba, vimetundikwa kwa ndoano, na sikioni amebana redio ndogo kwa kipande cha mpira wa baiskeli.

"Leo atagonga," anasema, kama vile mtu anavyosema leo mvua itanyesha. "Leo hawezi kuacha."

Anayemsema ni shemeji yake, kaka wa mkewe. Shemeji huyo ni marehemu, mwaka wa nne sasa, na alikata roho upande wa pili wa bati hilo hilo ambalo mzee ameliegemea.

Usicheke kwanza. Mwandishi wa makala haya naye alipanda ngazi ile akiwa na kicheko mfukoni, na hakushuka nacho.

Uwanja mzima unamjua mzee huyu kwa jina la Mikono. Shemeji yake alikuwa Macho. Majina hayo waliyapata kwa sababu ya kazi yenyewe ilivyo. Ubao una vyumba viwili vya bati vilivyopakana, kila kimoja na ngazi yake ya chuma, na hakuna mlango katikati. Chumba cha kushoto kina vibao na kamba ya kuvipeleka pande zote mbili. Cha kulia kina kitundu cha kuchungulia uwanja, basi.

Kwa hiyo Macho alichungulia, akagonga bati. Ngumi moja, bao la wenyeji. Ngumi mbili, bao la wageni. Mikono alijibu kwa kupiga bati kofi moja, maana yake nimesikia, kisha akabandika namba. Kelele za uwanjani zikipanda huwezi kuzungumza na mtu aliye karibu nawe kama pua na mdomo, lakini ngumi juu ya bati inafika.

"Shemeji alikuwa akinitania," anakumbuka Mikono. "Anasema, wewe ndiye binadamu pekee uliyehudhuria mechi zote za timu ya taifa na hujaona hata moja. Namwambia, na wewe ndiye uliyeziona zote na hujafanya kazi hata siku moja."

Siku za kawaida Mikono ni fundi bati. Anaziba ndoo, anatengeneza mabomba ya maji ya mvua, anatia sufuria matako mapya. Hata bati linalotenganisha vyumba vile aliligongomea mwenyewe, uwanja ulipokuwa ukikarabatiwa, ili kukinga upepo. Kazi ya ubao analipwa kwa mechi, na malipo yake hayafiki bei ya mfuko wa saruji. Pasipo mechi hakuna kitu.

Safari hii, hata hivyo, kulikuwa na kitu. Timu ya taifa iliangukia kundi la timu nne, na ni moja tu inayokwenda kwenye mashindano. Nchi hii haijawahi kwenda. Kila miaka ikizunguka tunapangwa, tunafungwa, tunasema mpira una matokeo matatu, tunarudi kulala. Ila mara hii vijana walikaza, na ikabaki mechi moja ya mwisho hapa nyumbani, ambayo hata sare ingetosha.

Tukifuzu, ubao wa bati unang'olewa na kuwekwa wa taa. Meneja wa uwanja, mama asiyepoteza maneno, alikuwa amemwahidi Mikono kwamba atabakishwa kama mlinzi wa ubao huo mpya, kwa mshahara wa kila mwezi. Mshahara, katika umri wake! Mkewe alishaanza kuulizia bei ya mabati ya kuezekea jiko. Sharti lilikuwa moja, asikosee tena ubao katika kundi hili. Tena, kwa sababu alikwisha kukosea.

Ili kosa hilo lieleweke, lazima turudi kwenye siku ya msiba.

Ilikuwa mechi ya kufuzu pia, ya mashindano yaliyopita. Kipindi cha kwanza kilikuwa hakijaisha Macho alipogonga mbili. Mikono akapiga kofi lake la nimesikia, akawabandikia wageni bao. Uwanja ukalipuka kwa zomeazomea, kwani hapakuwa na bao lolote. Akakishusha kibao kwa aibu. Ngumi mbili tena.

Macho alikuwa mtu wa mizaha. Aliwahi kugongea bao mpira uliogonga mwamba, ili tu amsikie shemeji yake akihangaika na kamba. Basi Mikono akajua ndiyo yale yale. Akapaza sauti, "Shemeji, usinichezee, watu wanatuangalia!" Akapiga kofi la pili. Zikaja ngumi mbili nyingine, hafifu kidogo. Akapiga kofi la tatu, la hasira.

Kisha kimya. Wakati wa mapumziko alishuka ngazi yake na kupanda ile nyingine, moyoni amepanga maneno ya kumgombeza. Akamkuta Macho ameketi juu ya stuli, paji la uso kwenye kitundu, ngumi ingali imeegemea bati. Moyo ulikuwa umemsimama.

"Daktari alisema pengine hata ningewahi isingesaidia," anasema Mikono. "Pengine. Lakini mimi nilipiga kofi mara tatu. Yaani shemeji yangu amekufa akijua kwamba nimesikia."

Tangu siku hiyo chumba cha kulia kina kufuli, na ufunguo anao Mikono, umefungwa kwenye kamba ya suruali. Hajaingia tena. Koti la marehemu lilibaki humo kwenye msumari, na mkewe Mikono alipoliulizia, kwa kuwa ni koti la kaka yake, jibu lilikuwa kesho. Kesho hiyo imekuwa miaka. Kazi Mikono akaifanya peke yake, kwa redio na kwa masikio.

Mechi za ligi hazikuwahi kumpa tabu. "Ligi hata akiwa hai alikuwa anasinzia," anasema, na huo ndio mzaha pekee aliofanya siku nzima. Tabu ilianza mechi ya kwanza nyumbani katika kundi hili. Timu zilikuwa hazijafungana, redio inatangaza mpira wa kurusha, mara bati likagongwa mgongoni mwake. Mbili.

Mkono wake ulitangulia akili. Kofi, kamba, kibao. Wageni wakaonekana wanaongoza, benchi lao likaruka kushangilia, mwamuzi akasimamisha mchezo, chupa za maji zikaanza kuruka. Meneja alipomwita ofisini, Mikono alisema ni uzee. Angesema nini?

Mechi ya pili aliongeza sauti ya redio hadi mwisho na kuziba sikio la pili kwa pamba. Ngumi zikaja. Hakuzisikia kwa sikio, alizisikia kwa mgongo, mbili, kimya, mbili, kimya, hadi kipyenga cha mwisho. Timu ilishinda. Ubao ulikuwa sahihi kabisa, na Mikono alirudi nyumbani na pamba ingali sikioni.

Ndipo alipomwambia mkewe. Mama huyo ni mshonaji, mwepesi wa sindano na wa ulimi. Alimsikiliza mumewe mpaka mwisho bila kuinua macho kwenye nguo.

"Mume wangu, kaka yangu hakuwa anakuita ubandike namba," alimwambia. "Alikuwa anakuita uje. Akigonga tena, nenda ukamwone."

"Nikiondoka pale na bao likaingia? Unajua meneja alichosema."

"Najua. Na jiko langu linavuja, najua pia. Nenda."

Meneja, kwa upande wake, alikuwa amemkumbusha kwa heshima zote. "Mzee wangu, mechi hii inatazamwa na dunia. Usiinuke kwenye kiti chako hata kama nyumba inaungua."

Kati ya maneno hayo mawili ndipo mzee amekaa leo, juu ya ndoo yake.

Fundi wa mitambo wa uwanja, kijana mchangamfu anayemwamkia Mikono shikamoo kila anapopita, hana muda na habari hizi. "Bati likipata jua mchana, jioni linapoa, linajikunja, linalia," anaeleza. "Darasani tulifundishwa."

"Sawa, mwanangu," Mikono anamjibu. "Ila ni bati gani hilo linalojua kuhesabu mbili? Na kwenye ligi jua huwa halizami?"

Fundi anacheka, anashuka ngazi. Anashuka haraka kidogo kuliko alivyopanda.

Mechi inaanza. Kutoka nyuma ya ubao mpira ni sauti tupu. Vishindo vya miguu jukwaani vinapanda kupitia nguzo za chuma hadi kwenye meno. Watu wakiguna wote kwa pamoja, Mikono anasema, "Nje kidogo." Wakipiga miluzi anasema, "Kaanguka mtu." Redio inathibitisha, imechelewa nusu pumzi.

Bao la wenyeji linaingia mapema. Halihitaji redio. Chumba kizima kinatikisika, kutu inadondoka kama unga, na mzee anabandika moja huku akipiga mluzi.

Kipindi cha pili linaingia la wageni. "Bao la wageni halina sauti," alikuwa ameeleza mapema, na ni kweli. Maelfu ya watu wananyamaza kwa mkupuo, unasikia bendera zinapigwa na upepo. Mikono anavuta kamba. Moja kwa moja. Sare bado inatosha.

Zinafika dakika za lala salama. Hakuna anayeimba tena. Redioni mtangazaji ameacha mbwembwe, anahesabu tu pasi za wageni, ambao wamekuja juu wote. Jua limekwisha kuteremka nyuma ya jukwaa kuu, na ndani ya chumba rangi ya vitu imefifia. Wageni wanapata kona.

Bati linagongwa. Mbili.

Mwandishi alisikia. Akajiambia ni bati linapoa. Zikaja mbili nyingine, taratibu, na safari hii aliziona, kwa sababu kibao cha namba sita kilichokuwa kimetundikwa kwenye bati lile kilicheza kwenye ndoano yake.

Mikono amenyanyua kiganja. Kimesimama hewani, karibu na bati. Miaka yote hiyo mkono umezoea kujibu. Mzee anautazama kama vile si wake.

Hapigi. Anaushusha. Anachomoa redio sikioni, anaiweka juu ya ndoo ikiwa bado inapiga kelele za kona, anafungua ufunguo kiunoni.

"Mzee, bado dakika chache," mwandishi anamwambia. "Ubao je?"

"Utakaa ulivyo."

Anashuka ngazi kinyumenyume, mwandishi nyuma yake. Chini, mashabiki wa jukwaa la juu wamejishika vichwa. Mmoja anamwona akikatiza. "Mikono! Unakimbilia wapi, mpira haujaisha!" Anapanda ngazi ya pili, ile ambayo miguu yake haijaikanyaga tangu wateremshe maiti, na kila kipago anakigusa kwanza kwa mkono.

Kufuli limeshika kutu. Ufunguo unaingia, haugeuki. Ndani, karibu kabisa na mlango, ngumi mbili.

"Nakuja, shemeji," anasema. "Nakuja, nakuja, nisubiri kidogo tu."

Kufuli linaachia.

Hamna mtu. Kuna joto lililofungiwa na harufu ya chuma. Stuli ipo mahali pake. Koti liko kwenye msumari, mabega yake yana vumbi zito. Utando wa buibui umefunika kitundu chote, haujatoboka hata uzi. Bati la katikati limekuwa jekundu kwa kutu kutoka juu hadi chini, isipokuwa sehemu moja, kwenye kimo cha mtu aliyeketi. Hapo pana duara la ukubwa wa ngumi linalong'aa kama sufuria iliyosuguliwa asubuhi hii.

Mzee anakaa kwenye stuli. Anaweka kiganja chake juu ya lile duara, polepole, bila sauti. Anaanza kulia, kwikwi za mtu mzima asiyejua kulia, na analolisema ni neno moja tu. "Nimekuja. Nimekuja."

Hakuna kilichogonga tena.

Baada ya muda anapangusa utando na kuchungulia. Mwandishi, aliyekuwa mlangoni, alimsikia akivuta pumzi kwa mshangao. "Kumbe ni kijani hivi!" Kipa wetu ameudaka mpira wa kona nyingine, ameurusha mbele kwa mkono, na winga anakimbia peke yake na uwanja mzima umesimama. Mikono anaona mwenyewe, kwa macho yake. Anaona mguu ukipiga. Anaona wavu ukivimba.

Ngumi yake inagonga bati. Moja. Hata hakufikiri. Bao la wenyeji.

Na kutoka chumba cha vibao, walichokiacha kitupu, likaja kofi. Moja, pana, la kiganja kilichofunguka. Nimesikia.

Mwandishi wa makala haya aliruka ngazi, akakimbia, akapanda upande wa pili. Alikuta ndoo iliyopinduliwa, redio ikipiga mayowe juu yake, na vibao vyote vimetulia. Hapakuwa na mtu. Hilo la kulieleza hana, na hajaribu.

Mpira uliisha mbili kwa moja. Tumefuzu, kwa mara ya kwanza tangu nchi iwe nchi. Picha zilizozunguka dunia zinaonyesha wachezaji wamebebana, wanalia, na nyuma yao ubao mkubwa unaosema moja kwa moja. Watu wametania kweli kweli kwenye simu zao. Kuna aliyeandika kwamba hata ubao wetu haukuamini.

Meneja hakutania. "Sina hasira na mzee wangu, na mimi nilicheza kwa furaha kama watu wote," anasema. "Ila neno ni neno. Nafasi ya ulinzi nimempa mwingine." Hakuuliza Mikono alikuwa wapi dakika ile, wala Mikono hakumweleza.

Nyumbani kwake ni vyumba viwili na jiko la kuegeshwa ubavuni, ambalo badala ya mlango lina pazia, na kweli paa lake linavuja. Koti la Macho limefuliwa, linaning'inia kwenye kiti cha cherehani. Mkewe anapopita analipigapiga begani, kama anamfuta mtu vumbi.

"Amepoteza mshahara," mama anasema, "na mimi nimelala usingizi. Usiku nilikuwa namsikia anaweweseka, nakuja, nakuja. Sasa anakoroma tu, tena vibaya."

Kwa uongozi wa uwanja Mikono ameomba kitu kimoja. Ubao utakapong'olewa, apewe lile bati la katikati. Fundi wa mitambo ameahidi kumletea mwenyewe kwa mkokoteni, lakini mchana, amesisitiza, mchana kweupe.

Atalifanyia nini?

"Mlango," anasema Mikono. "Nimegongomea watu mabati maisha yangu yote, nikawa naziba tu. Pale katikati ningetia mlango, ningefika. Basi nitatengeneza mlango wa jiko la mama watoto. Lile duara sitalipaka rangi."

Na mechi ya kwanza ya maandalizi, kabla timu haijasafiri, watanunua tiketi mbili, yeye na mkewe, waketi jukwaani kama watu wengine. Anataka kuona bao jingine kabla hajafa. Anasema kumbe ni tamu.

Mazungumzo hayajaisha. Nyuma ya pazia, mkewe, ambaye ameshikwa na kazi, anagonga ukingo wa sufuria kwa mwiko kumwita mumewe. Mara mbili.

Kiganja cha mzee kinainuka juu ya meza. Kinasimama. Kisha anakishusha, anajiegemeza kwenye kiti ainuke, na kwa magoti yake mabovu anakwenda kuona anachoitiwa.